Kujaza hadi 100, kuishia 80 au kungoja izime: ipi inatunza betri?

Mchaji: Nalinganisha njia tatu kwa simu na kompyuta mpakato: (a) kujaza hadi asilimia 100 na kuiacha kwenye chaja usiku kucha, (b) kubaki kati ya 20 na 80, (c) kutumia mpaka izime ndipo nichaji. Naomba sababu. Nina pia betri ndogo za AA za nikeli na betri ya sola ya volti 12. Je, kanuni ni ileile?

Volti42: Hiyo (c) iondoe kabisa. Ilitoka zama za betri za nikeli-kadimiamu, ambazo zikichajiwa mara kwa mara kabla ya kuisha zilionekana kupoteza uwezo. Betri ya simu na kompyuta ni ya lithiamu, na lithiamu haina tatizo hilo, liitwalo "kumbukumbu". Simu hujizima seli (kile kipande cha betri kinachohifadhi umeme) inapokaribia volti 3, ili kuilinda, lakini ukiiacha imezima kwa miezi, chaji huendelea kuvuja. Ikishuka sana, shaba iliyo upande hasi huanza kuyeyuka, na ukichaji tena huganda mahali pasipofaa na kuleta shoti ndani ya seli.

Kati ya (a) na (b), mshindi ni (b). Seli ya kawaida hujaa kwa volti 4.2, na kadiri volti inavyokuwa juu ndivyo elektroliti (kimiminika cha ndani ya seli) inavyochakaa haraka. Lakini shikeni hili: kinachoumiza zaidi ni muda inaokaa imejaa. Kufika 100 muda mfupi kabla ya kutoka nyumbani si sawa na kukaa hapo saa nane.

Seli_Baridi: Naongeza joto, maana wengi huhesabu asilimia wakasahau hili. Seli iliyojaa na yenye joto huzeeka kwa kasi kuliko iliyojaa tu. Simu isichajiwe chini ya mto wala juani kwenye dashibodi. Ikipata moto, vua kava na uache michezo mpaka ijae. Chaji isiyo ya waya hupoteza umeme mwingi zaidi kama joto, kwa hiyo si chaguo langu la usiku. Na kwenye baridi chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa: lithiamu hujipaka juu ya grafaiti (kaboni ya upande hasi) badala ya kuingia ndani, na uwezo huo haurudi.

Grafaiti: Nakubali, ila 20–80 isigeuzwe amri. Ukihitaji siku nzima bila umeme, jaza. Simu na kompyuta nyingi sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80; uwashe, usikae ukiichungulia. Mara mojamoja ijaze kamili, la sivyo kipimo cha asilimia hupotoka na simu huzima ikionyesha bado ina chaji.

Tena si kila lithiamu ni sawa. Ile ya chuma-fosfeti hujaa kwa volti 3.65 kwa seli, na katikati volti yake karibu haibadiliki, hivyo kipimo hukosa pa kushika. Hiyo huhitaji kujazwa kamili mara kwa mara ili seli zake zote zilingane kwa chaji.

Fundi_AA: Kwa AA za nikeli, chaja ndiyo kila kitu. Tafuta inayochaji kila seli peke yake na kukata chaji pale volti inaposhuka kidogo mwishoni, dalili kwamba seli imejaa. Seli yenye uwezo wa 2000 mAh ipe mkondo wa takriban 1000 mA. Ukiipa mkondo mdogo mno, ile dalili ya kujaa haionekani vizuri na chaja inaweza kupitiliza. Usichanganye mpya na kuukuu kwenye kifaa kimoja: dhaifu huisha kwanza, kisha nyingine huisukuma mpaka chanya na hasi zake zibadilishane. Hapo inaharibika.

Mchaji: Na ya sola?

Volti42: Kama ni ya risasi na asidi, geuza kila kitu: hiyo hupenda kujaa. Ikipumzika, volti 12.7 ni imejaa, na karibu 12.1 imebaki nusu. Usiishushe zaidi ya hapo. Ikikaa bila chaji, salfeti ya risasi inayojitokeza kwenye bamba zake huwa fuwele ngumu na uwezo hupungua. Weka kidhibiti (kifaa kinachosimamia chaji ya sola) kwenye volti 14.4 hivi kwa kujaza, kisha 13.6 hivi kwa kuishikilia ikiwa imejaa, ila fuata namba za mtengenezaji zikitofautiana. Ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu ujazo hupanda wakati wa chaji na asidi hufurika.

Mchaji: Simu ya akiba nitaiweka kabatini miezi kadhaa. Niijaze?

Seli_Baridi: Hapana. Iache karibu asilimia 50, izime, iweke pakavu penye ubaridi, na kila baada ya miezi mitatu angalia. Ikikaribia 30, irudishe 50.