Mjadala: Mtafiti asiyerudisha majibu kwa wananchi apandishwe cheo?

Mwanzisha mada, Kampala:
Wakuu, tujadili bila matusi. Mwaka 2019 serikali ilianza kuipa Makerere mfuko maalumu wa utafiti, shilingi bilioni 30 kwa kuanzia. Kodi zetu hizo. Naona mhadhiri asipande cheo kwa makala za majarida peke yake. Aonyeshe pia kwamba aliowachunguza wamepata majibu, tena kwa lugha wanayoielewa.

Chukueni AirQo, mradi wa Makerere wa kupima uchafu wa hewa. Vifaa wametengeneza wenyewe, vinahimili vumbi na joto letu, vingine wamevifunga kwenye boda boda. Hapo nawavulia kofia. Lakini mtaani kwetu mama anayechoma mahindi chini ya nguzo yenye kile kisanduku anaamini ni kamera ya polisi. Jioni takataka zinachomwa hatua chache kutoka hapo, moshi unamwingia yeye na mtoto aliye mgongoni. Hakuna aliyemwambia kitu.

Mtafiti, Mbarara:
Ndugu, unatuonea. Nina vipindi, wanafunzi wa uzamili, ripoti za wafadhili, sasa na redio juu? Si kila anayejua maabara anajua kuongea na watu. Waajiriwe waandishi wa sayansi. Na data za AirQo zipo kwenye programu ya simu, bure.

Mwanzisha mada:
Bure kwa mwenye simu janja na bando. Mama yule ana kitochi.

Mwalimu wa biolojia, Tororo:
Mnabishana kuhusu nani aongee, wakati shida ni nani asikilize. Mnaukumbuka muswada wa usalama wa bioteknolojia, ule wa kusimamia mazao yaliyobadilishwa vinasaba? Bunge liliupitisha 2017, Rais akaurudisha. Ukapita tena 2018, ukarudi tena. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda walikuwa na migomba iliyobadilishwa vinasaba ihimili mnyauko wa bakteria, ule unaoozesha ndizi kwa ndani. Watafiti hawakukaa kimya, walieleza sana tu. Wakulima huku kwetu walikuwa na swali jingine: mgomba ukiwa na mwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, nitaruhusiwa kumgawia jirani chipukizi? Hata barua ya Rais ya 2017 iligusa hataza. Hilo halijibiwi kwa somo la vinasaba, hata ulifundishe kwa Kiswahili, Kiganda au Kiteso.

Mkitoa alama kwa kuhutubia, watahutubia. Mimi ningetoa alama kwa swali la mkulima lililobadilisha utafiti.

Mtafiti, Mbarara:
Hapo mwalimu umenigusa. Ila kamati ya vyeo italipimaje swali?

Mwalimu wa biolojia, Tororo:
Kikao na wakulima kabla ya kuomba fedha, mwenyekiti wa LC, lile baraza la kijiji, awepo, muhtasari uambatishwe kwenye ombi. Kamati zinapenda karatasi.

Mtafiti, Mbarara:
Na posho ya kikao anatoa nani? Bila posho utakaa na huyo mwenyekiti peke yenu.