Tupeane uzoefu: Queen uliwasikilizaje, na albamu yao gani huruki wimbo?

Mleta uzi (Dar)

Wadau, habari za jioni. Kila Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, wakitajwa kwetu, mazungumzo yanaishia kwenye mambo mawili: mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja, na ile filamu yao ya 2018. Leo tuyaweke pembeni, tuongee muziki. Nataka kujua wewe mwenyewe uliwapata kwa njia gani, albamu gani unaisikiliza mwanzo mwisho, na wimbo gani ulikupita kwenye albamu ukaja kukunasa laivu.

Naanza mimi. Msimamo wangu ni Queen II ya 1974. Santuri yake haina upande A na B, ina Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe karibu wote ni tungo za Brian May, mpiga gitaa, Roger Taylor wa drams kachomeka wimbo mmoja. Mweusi ni Freddie mtupu, nyimbo sita.

Niliipata chuoni, jamaa kanichomea kwenye sidii, na kompyuta ikazipanga kwa alfabeti. Miezi kibao naisikiliza hivyo, naiona ni albamu ya watu waliochanganyikiwa tu. Siku napata mpangilio halisi nikakaa chini. Ogre Battle inaanza kwa mkanda uliochezwa kinyumenyume, The Fairy Feller's Master-Stroke inamwagikia Nevermore bila kupumua, Nevermore inakupa dakika moja na ushei ya utulivu, halafu The March of the Black Queen inakubomolea nyumba. Zichanganye hizo na hujasikia kitu. Mpangilio ule ni utunzi, hata jina lake lingeandikwa kwenye jalada.

Karibuni. Mwenye A Night at the Opera aje na hoja, asije na mapenzi.

Mzee wa Kaseti (Mombasa)

Marahaba, kijana, najua ulikuwa mbioni kuniamkia.

Sisi wa zama zile hatukununua santuri, zilikuwa na bei yake. Ulikwenda kwa fundi wa kurekodi, unachagua jalada ukutani, unamwachia kaseti tupu, unarudi kesho. Ndivyo nilivyoipata A Night at the Opera, miaka michache baada ya kutoka 1975. Fundi wangu aliweka upande wa pili kwanza. Kwa hiyo albamu yangu mimi inafunguka na The Prophet's Song, dakika nane na zaidi, wimbo wa mtu aliyeota gharika. Pale katikati vyombo vyote vinanyamaza, Freddie anabaki peke yake, sauti yake inajirudia na kujifukuza mpaka hujui ipi ya kwanza. Ukishaanzia hapo, kile kisirani cha Death on Two Legs, anachomtolea meneja wao wa zamani, kinakuja baadaye kama mtu anayekumbuka deni baada ya sala.

Na mpaka leo naona fundi alipanga vizuri kuliko wao. Ila kulikuwa na kasoro moja. Upande ule unamalizika kwa May kupiga God Save the Queen kwa magitaa yaliyopandishwa juu ya mengine. Kaseti ikabaki na nafasi, na fundi hakupenda nafasi ipotee, akajazia rumba ya Kikongo. Wimbo wa taifa wa Waingereza unakwisha, sebene linaingia. Marehemu baba alikuwa anangoja hapo tu. "Hao wa kwanza tuliwashushia bendera," husema, "ongeza sauti hawa."

Sauti ya Pili (Moshi)

Mzee shikamoo, nimecheka peke yangu ndani ya daladala.

Mimi ni mwanakwaya, naimba alto, na niliingia kwa Queen kupitia masikio ya kwaya. Mwalimu wetu alitusikilizisha ile sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody akatuuliza waimbaji ni wangapi. Tukasema arobaini, wengine sitini. Ni watatu: Mercury, May na Taylor. Wa nne wao, John Deacon, hamo kabisa. Walirudia kuimba juu ya sauti zao wenyewe, wakiongeza tabaka juu ya tabaka, mpaka mkanda ukaanza kuchakaa. Ile sauti kali ya juu mnayodhani ni ya mwanamke ni ya Taylor, mpiga drams.

Sasa swali langu kwa watu wa laivu. Jukwaani hawakuiweza. Ikifika sehemu ile taa zinazimwa, wanne wote wanaondoka, mkanda unacheza, wanarudi kwenye gitaa zito. Kwaya yangu ikifanya hivyo Jumapili tutafukuzwa. Ndiyo maana kwangu Queen ni bendi ya studio kwanza, jukwaa linafuata.

Solo Mwanza

Dada hapo nakukatalia nusu.

Kwanza si kila mara walitumia mkanda katikati ya wimbo. Sikiliza onyesho la Hammersmith Odeon, mkesha wa Krismasi 1975, BBC walilirusha. Wimbo ulikuwa na wiki chache tu tangu utoke na ulikuwa namba moja Uingereza. Wakafanyaje? Wakapiga mwanzo wa kinanda, wakakatiza, wakaingia Killer Queen, wakapita kipande cha The March of the Black Queen, ndipo wakarudi kwenye mwisho wenye gitaa. Wimbo mkubwa kuliko yote nchini, na wao wanaufungua katikati na kupachika nyimbo nyingine mbili. Hiyo ni bendi inayojua kupanga nyimbo.

Pili, mimi hupiga solo kwenye bendi ya harusi, na kilichoniingiza ni Brighton Rock. Kwenye albamu ya Sheer Heart Attack ni wimbo wa dakika tano. Kwenye Live Killers, albamu yao ya laivu ya 1979, unavuka dakika kumi na mbili, na sehemu kubwa ni May peke yake. Anapiga mstari, mashine ya mwangwi inamrudishia, anapiga mwingine juu yake, mashine ya pili inarudisha yote, sasa ni magitaa matatu na mtu mmoja. Hakuna mkanda uliorekodiwa mapema hapo. Akikosea noti moja, kosa linamrudia mara mbili mbele ya ukumbi mzima.

Na chimbuko la solo ile si Brighton Rock. Alikuwa anaipiga ndani ya Son and Daughter, wimbo wa albamu ya kwanza ya 1973. Tafuteni maonyesho ya ukumbi wa Rainbow, London, ya 1974, yalitolewa rasmi 2014, mtaisikia ikiwa bado changa.

Gitaa lenyewe alilitengeneza na baba yake, shingo wakaichonga kutoka mbao za meko la zamani, na anapigia sarafu badala ya plastiki. Nilijaribu na shilingi mia. Nyuzi hazikunishukuru.

Besi Nzito (Nairobi)

Niaje watu wangu. Mnaongea mambo ya magitaa tu na mwenye nyumba mmemsahau. Another One Bites the Dust ni ya Deacon, mpiga besi, na ilifika namba moja Marekani mwaka wa 1980. Mjomba wangu alikuwa DJ na aliniambia watu walicheza usiku kucha bila kujua ni bendi ya roki.

Ndio maana mimi natetea Hot Space ya 1982, na najua mtanirushia mawe. Wazungu wa roki waliichukia kwa sababu upande wa kwanza ni disko na fanki. Sisi tuliokulia kwenye disko tuna shida gani nayo? Shida yake ni moja, ni kavu. Staying Power kwenye albamu ina tarumbeta zilizopangwa na Arif Mardin, safi, lakini hazichomi. Sasa tazama onyesho la Milton Keynes Bowl, 5 Juni 1982. Tarumbeta hazipo. Deacon ameweka besi chini ameshika gitaa la rithimu, May analipua, wimbo unakimbia. Action This Day vivyo hivyo. Niliipata kwenye DVD na nikarudi kwa albamu nikijua ni nini kilikosekana.

Kwa hiyo mleta uzi, jibu langu kwa swali lako la mwisho: Hot Space yote.

Mleta uzi (Dar)

Hot Space yote?? Hata Body Language?

Besi Nzito (Nairobi)

Body Language naiachia wewe.

Kutoka Maskati

Assalamu alaykum. Sisi nyumbani tulikuwa na Jazz ya 1978. Wimbo wa kwanza kabisa ni Mustapha, Freddie ananyoosha sauti kama mwadhini, majina ya Mustapha na Ibrahim, salamu ya Kiislamu, na maneno mengine ambayo si Kiarabu wala si lugha ya mtu yeyote. Marehemu mama aliingia chumbani akauliza, "Huyu msomaji wa wapi?" Tukamwambia ni mtoto wa Unguja. Akasikiliza kidogo, akasema, "Basi chuoni hakumaliza."

Kweli hakwenda chuo cha Kurani, familia yao Wazoroasta. Lakini mtu aliyelelewa Mji Mkongwe masikio yake yanabeba mengi, hata ile "Bismillah" ya kwenye Bohemian Rhapsody nasema kaiokota uchochoroni. Hiyo ni rai yangu, msinidai ushahidi.

Kwenye suala la mpangilio, ni ujasiri kufungua albamu na wimbo ule. Wangeuweka wa saba ungekuwa mzaha. Ukiwa wa kwanza, ni tangazo.

Mtu wa Mji Mkongwe

Yakhe wa Maskati, mama kasema kweli.

Mimi natembeza wageni. Tangu makumbusho ya Freddie yafunguliwe Shangani mwaka 2019, hiyo ndiyo safari yangu ya kila siku. Wageni wengi wana nyimbo sita kichwani, zile za Live Aid, lile tamasha la hisani. Sina ugomvi na Live Aid. Wembley, 13 Julai 1985, dakika kama ishirini na moja, na walifanya mazoezi ya kupanga dakika zile wakati wengine walikuja kupiga tu. Wanaanza na nusu ya Bohemian Rhapsody, wanakata kabla ya kwaya, kwa hiyo hapo dada wa Moshi hakuna mkanda wala taa kuzimwa, wanaruka Radio Ga Ga, uwanja mzima mikono juu. Kwa mpangilio hakuna seti fupi iliyonivutia zaidi.

Lakini mimi ni mtu wa Innuendo, 1991. Hii hawakuipiga jukwaani na Freddie hata siku moja. Onyesho lake la mwisho na bendi lilikuwa Knebworth, Agosti 1986, na Novemba 1991 akafariki. Kwa hiyo huna laivu ya kulinganisha nayo, una mpangilio tu. Inafunguka na wimbo wa dakika sita na nusu wenye gitaa la Kihispania la Steve Howe katikati, inafungwa na The Show Must Go On. Nani angethubutu kugeuza hizo mbili?

Na mzee wa kaseti utapenda hii: mwenye santuri ya Innuendo ana nyimbo zilizokatwa, kwa sababu zote hazikutosha. Sidii ndiyo iliyokamilika. Mgeni mmoja alinibishia hadi Forodhani kwamba wimbo fulani hauna ubeti ninaoutaja. Yeye alikulia na santuri, mimi na sidii, sote wawili tuko sawa.

Kongwe (Dar)

Nasoma, nafurahi, lakini kuna jambo halijatajwa. Oktoba 1984 hawa jamaa walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, na sisi hapa tuko mstari wa mbele kuupinga. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mimi niliweka kaseti zao kwenye boksi. Walisema wao hawana siasa, wanapigia mashabiki. Mashabiki gani waliomudu kuingia pale, kila mtu alijua.

Nilizitoa boksini miaka ya tisini, baada ya Mandela kutoka. The Works, albamu ya mwaka ule ule wa 1984, bado siisikilizi yote. I Want to Break Free naipenda, naisikiliza nikiwa na hasira kidogo.

Sauti ya Pili (Moshi)

Mzee Kongwe shikamoo, asante kwa hilo. Sikuwa nalijua.

Mleta uzi (Dar)

Mzee, limewekwa mezani na libaki mezani.

Tumalizie hivi: kaseti moja, dakika sitini, upande A studio, upande B laivu. Mimi upande A naweka ule Upande Mweusi mzima kama ulivyo, halafu The Prophet's Song kwa heshima ya Mombasa. Upande B Brighton Rock ya Live Killers, Staying Power ya Milton Keynes, na nafasi iliyobaki We Will Rock You ya haraka, ile waliyokuwa wakifungulia maonyesho.

Solo Mwanza

Upande B hapo panga upya. Ile ya haraka iwe ya kwanza, kama walivyofanya wao kwenye Live Killers. Huwezi kufungua na solo ya dakika kumi na mbili, watu hawajakaa.

Mzee wa Kaseti (Mombasa)

Na '39 mmeiweka wapi? Kwenye albamu anaimba May na Deacon kashika besi kubwa ya kusimama, jukwaani anaimba Freddie. Wimbo mmoja, sauti mbili, pande mbili. Iwekeni kote kuwili, na dakika zikibaki msijaze chochote, mtaniletea kaseti nijazie mwenyewe.