Narekodi kwaya Bukavu: nihamie Linux ao nibaki?

Wandugu, jambo. Narekodi kwaya hapa Kadutu: chumba kimoja, maikrofoni mbili, kadi ya sauti ya USB. Mashini yangu ina RAM ya GB 8 na Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiikubali prosesa yangu, na pesa ya mashini mpya sina. Midundo yangu yote iko ndani ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nina albamu ya kwaya ya akina mama, nyimbo 9, na 6 tumeshazirekodi. Nihamie sasa Linux, ule mfumo wa bure wa kuweka mahali pa Windows? Sauti inachelewa pia kwenye kaske: mama mmoja wa alto hawezi kuimba mpaka atoe sikio moja nje.

Jibu, Goma
Kaka, maliza kwanza albamu ya hao mama. FL Studio haina toleo la Linux. Kwa Wine, inayofungua programu za Windows ndani ya Linux, inaweza kufunguka, lakini kazi ya watu mimi siiweki hapo. Reaper na Ardour, programu za kurekodi, zina matoleo yao ya Linux. Reaper unaijaribu siku 60, leseni dola 60. Angalia sana plagini zako, zile programu ndogo za ala na mwangwi. Za Windows nyingine hupita kwa yabridge, daraja la kuzitumia ndani ya Linux; zinazodai iLok, ufunguo wa leseni, usizitegemee. Mimi nilipohamia Linux nilifuta diski nzima kwa siku moja. Kesho yake nafungua tangazo la redio, plagini ya mwangwi haipo, sauti kavu kabisa. Nililirudia lote usiku ule. Kila chombo kitoe kwanza kama faili ya WAV, peke yake.

Jibu, Lubumbashi
Kuhusu alto, bafa yako, yaani kipande cha sauti ambacho mashini hukusanya kabla ya kukipitisha, iko ngapi? Bafa ya sampuli 1024, ukirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, inachelewesha milisekunde 21, tena upande mmoja tu. Kwa 128 ni karibu 2.7. Shusha hapo hapo kwenye Windows, kwa dereva ya ASIO, ile ya kupunguza kuchelewa kwa sauti. Linux utaijaribu bila kugusa diski: weka Ubuntu Studio, Linux ya kazi za sauti, kwenye flashi, washa mashini kwa flashi hiyo, chomeka kadi, rekodi dakika 20. Ukisikia sauti inapasuka-pasuka, ongeza bafa kidogo.

Mwenye swali
Aksanti sana. Ilikuwa 1024. Nimeweka 128, na leo mama ameimba ubeti mzima kaske ikiwa kwenye masikio yote mawili. Nyimbo 3 zilizobaki namalizia hapa hapa. Ubuntu Studio ni gigabaiti nyingi kwa mega zangu. Mwenye nakala Ibanda ao Nguba aniandikie, flashi nitaleta mwenyewe.