Mjadala: Je, kaunti zigharamie safari za mafundi wanaoitwa na wakandarasi wa ulinzi na ndege ng'ambo?

Mtoa mada, Kisumu

Naweka hoja mezani. Vijana wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru waliosomea uchomeleaji, umeme na ufundi wa ndege wanaona kila wiki matangazo ya wakandarasi wa ulinzi: kambi ya jeshi la Marekani ya Lemonnier kule Djibouti, kambi za Ghuba, viwanda vya ndege vya Marekani, karakana za Ulaya. Kinachowakwamisha ni nauli, viza na vipimo vya hospitali. Familia huishia kuuza ng'ombe au kuitisha harambee. Nasema kila kaunti iwe na hazina ya mikopo ya safari, fundi airudishe akianza kupokea mshahara. Basari tunatoa ili asome. Mbona tumwache akwame kwenye tiketi baada ya kuhitimu?

Mwanasheria wa kazi, Nakuru

Napinga, na sababu yangu kubwa ni moja: nauli hiyo si deni la fundi. Mikataba ya serikali ya Marekani hubeba kifungu FAR 52.222-50, cha kanuni zao za ununuzi, kinachopinga usafirishaji haramu wa watu. Kifungu hicho kinamfunga mkandarasi mkuu pamoja na kampuni ndogo na maajenti walio chini yake. Hawaruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, na tangu 2019 maana ya ada hiyo imetandazwa wazi: inaingiza viza, picha, vipimo vya afya, tiketi ya ndege, hata dhamana. Hawaruhusiwi kumnyang'anya pasipoti. Aliyetolewa nchi nyingine kwa ajili ya kazi hiyo anapaswa kurudishwa kwao kwa gharama ya mwajiri kazi ikiisha. Na pale mkataba wa maandishi unapotakiwa, lazima aupate kwa lugha anayoielewa, siku 5 kabla ya kuondoka.

Sasa kaunti ikitoa mkopo wa nauli, imefanya nini? Imemlipia mkandarasi gharama ambayo ni yake, kisha ikamwachia kijana wa Kakamega deni.

Sheria yetu nayo ipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 83, inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi, na kifungu cha 85 kinamtaka mwajiri aliye nje aweke dhamana. Ajenti naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Afisa wa kazi hukaa hapa hapa Nakuru na Kisumu, si lazima upande basi la Nairobi.

Mtoa mada, Kisumu

Wakili, sheria naikubali. Lakini ajenti huitisha pesa hivyo hivyo, na anayekataa nafasi yake hupewa mwingine. Mkopo wa kaunti angalau unamwepusha na mkopeshaji wa mtaani.

Mwanasheria wa kazi, Nakuru

Ndiyo maana nasema pesa za umma zisiingie hapo. Ajenti akijua kuna hazina ya kaunti, bei itapanda.

Fundi anayeitishwa pesa afanye hivi. Aombe kwa maandishi jina la mkandarasi mkuu na nambari ya mkataba wa serikali. Aombe kiasi anachodaiwa kiandikwe kwenye barua pepe au ujumbe wa simu, pamoja na jina la anayedai. Alinganishe jina la mwajiri lililo kwenye mkataba na lile la kwenye viza. Yakitofautiana, asimame hapo. Ulaghai mwingi huingilia mlango huo: mkataba unaosainiwa Nakuru unasema fundi umeme, ukifika unapewa mwingine wa kufagia, mshahara nusu, na pasipoti imeshachukuliwa "kwa usajili".

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi. Anayefanya kazi kwenye kambi ya jeshi la Marekani nje ya Marekani, hata akiwa Mkenya, analindwa na sheria ya bima iitwayo Defense Base Act, ya mwaka 1941. Akiumia, amjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na dai lenyewe, fomu LS-203, liwasilishwe ndani ya mwaka 1. Aliyeshindwa kabisa kufanya kazi hulipwa theluthi mbili za wastani wa mshahara wake wa wiki: wa dola 300 anapata 200. Akifa, mjane na watoto wana haki yao. Kinachowaponza wengi ni kurudishwa nyumbani haraka bila karatasi yoyote ya hospitali ya kambini. Asiondoke bila nakala.

Fundi wa ndege, Eldoret

Mimi nataka tutenganishe milango, maana mtoa mada ameichanganya.

Mlango wa viwanda vya silaha na ndege za kivita ndani ya Marekani kwa kawaida umefungwa kwa Mkenya asiye na uraia wala grini kadi ya Marekani. Kanuni za ITAR, za Marekani za kudhibiti teknolojia ya silaha, zinasema michoro na data za silaha zisionyeshwe mgeni bila leseni ya serikali, hata kama mmekaa ofisi moja. Wanaoruhusiwa bila leseni ni raia, wenye grini kadi, na waliopewa hifadhi au ukimbizi. Hata kwenye ombi la viza ya kazi, fomu I-129, mwajiri anathibitisha kwamba amekagua kama teknolojia atakayokuonyesha inahitaji leseni. Waajiri wengine huona ukurasa huo wakaacha. Kibali cha usalama, cha kuona siri za serikali, chenyewe kinataka uraia. Uingereza nao, kibali chao cha ngazi ya SC kwa kawaida hutaka uwe umeishi kwao miaka 5. Kwa hiyo tangazo linalomwahidi kijana wa Kisumu kazi ya kuunda makombora Marekani ndani ya miezi 3, ukiliona ujue ni uongo.

Mlango ulio wazi ni matengenezo ya ndege za kiraia, na hapo kinachotakiwa ni leseni. Kwa EASA, mamlaka ya usalama wa ndege ya Ulaya, leseni ya aina B1.1 ya ndege za injini za tabaini (turbine), asiyepitia mafunzo yanayotambuliwa anahitaji uzoefu wa miaka 5; aliyemaliza kozi kamili ya chuo kilichoidhinishwa, miaka 2. Kila moduli ya mtihani hupitwa kwa alama 75. FAA, mamlaka ya ndege ya Marekani, inataka miezi 30 ya kazi kwa fremu (mwili wa ndege) na injini pamoja, na alama 70. Ila FAA haimfanyii mtihani mtu aliye nje ya Marekani bila sababu. Lazima aonyeshe kwamba anahudumia ndege iliyosajiliwa Marekani.

Penye kuangusha watu wengi ni daftari la kazi. Kila mstari unataka tarehe, usajili wa ndege, sura ya ATA (nambari ya kimataifa ya mfumo wa ndege ulioshughulikiwa), kazi iliyofanyika, sahihi na nambari ya leseni ya msimamizi. Viwanja vya Kisumu na Eldoret kazi kubwa ni ya njiani: kubadili tairi, kuangalia breki, kujaza oili ya injini. Daftari linajaa zaidi sura ya 32, ya magurudumu na breki. Mkaguzi akilifungua anataka aone pia usukani wa kurukia, sura ya 27, na injini, kuanzia 71 kwenda mbele. Hizo ziko kwenye hangari za Wilson na JKIA. Kijana wa huku akikosa miezi ya hangari, tiketi ya bure ya kwenda Ulaya haimsaidii kitu.

Mkaguzi wa uchomeleaji, Kisumu

Nakuunga mkono fundi, na ndiyo maana naona pesa za kaunti ziende kwenye mitihani.

Cheti cha NITA, mamlaka yetu ya mafunzo ya viwandani, hata Gredi ya 1, mkandarasi wa nje hukisoma kama utambulisho tu. Anachotaka ni jaribio la 6G: vipande viwili vya bomba vimefungwa kwa pembe ya digrii 45, havizungushwi, mchomeleaji ndiye anayezunguka. Kisha hukatwa vipande vya kukunjwa, na ufa mmoja unaozidi milimita 3 umekuangusha. Huku kwetu adui mkubwa ni unyevu wa ziwa. Vijiti vya kuchomelea vya E7018 vikishafunguliwa vinatakiwa kukaa kwenye oveni, nyuzi 120 au zaidi, na vikitoka nje visizidi saa 4. Karakana nyingi za jua kali huviacha wazi kwenye rafu hata wiki. Vinavuta maji, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na mshono unaoonekana mzuri unapasuka baadaye. Kijana anafeli akidhani mkono wake ni mbaya, na kosa ni la kijiti.

Tena cheti hakikai milele. Kwa ISO 9606-1, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, kila miezi 6 mwajiri athibitishe kwamba umekuwa ukichomelea kwa njia hiyo hiyo. Anayepata cheti akakaa nyumbani mwaka mzima akingoja viza, amekipoteza.

Na tusisahau kazi za ulinzi zilizo mlangoni. Kenya Shipyards, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi, ina karakana hapa Kisumu, ndiko ilikojengwa meli ya MV Uhuru II. Kenya Ordnance Factories iko Eldoret. Nafasi si nyingi, sidanganyi mtu, lakini huko fundi anapata saa za kazi zenye sahihi.

Mwalimu wa chuo cha ufundi, Kakamega

Naomba niongeze onyo, maana mmesema sana juu ya nauli kana kwamba anayelipa nauli ni mwema. Mradi wa Alabuga Start wa Urusi uliwapa wasichana wa Afrika, Wakenya wakiwemo, tiketi ya bure na ahadi ya masomo na kazi. Mwaka 2024 uchunguzi wa wanahabari ulionyesha kwamba wengi wao waliwekwa kuunda droni za vita kule Tatarstan. Aprili mwaka huo bweni la eneo hilo lilipigwa na droni ya Ukraine. Kabla ya kuuliza nani analipa, tuulize kiwanda kinatengeneza nini na mkataba unataja kazi gani.

Mtoa mada, Kisumu

Mwalimu, hilo limenigusa. Basi narekebisha hoja: hazina ilipie jaribio la 6G, moduli za EASA, na posho ya miezi ya hangari Nairobi. Vyuo vya ufundi vya vijiji ni kazi ya kaunti kwa Katiba, hakuna wa kutuzuia kuvinunulia oveni za vijiti. Lakini mwenye grini kadi sikubali aachwe. Hana ajenti, hana mkandarasi wa kumtumia tiketi, na yeye anaweza kuingia kiwanda cha ndege za kivita, kazi isipotaka kibali cha usalama.

Fundi wa ndege, Eldoret

Huyo hata mimi ningemkopesha, ila kwa macho wazi. Kampuni za huko hutoa pesa za mkupuo za kuhamia, nazo hukatwa kodi kama mshahara. Dola 5,000 hukatwa asilimia 22 ya kodi ya taifa na 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya Medicare, zikabaki kama 3,517 kabla ya kodi ya jimbo. Na mikataba mingi inasema ukiacha kazi kabla ya miezi 12 unazirudisha. Tena kampuni nyingi hulipa baada ya fundi kuripoti kazini, kwa hiyo kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza inatoka mfukoni mwake. Mkopo upangwe uanze kulipwa mwezi wa nne.

Mwanasheria wa kazi, Nakuru

Kwa huyo, mradi awe na barua ya ajira yenye kiasi cha pesa hizo na sharti la kuzirudisha, nakubali. Kwa wa Djibouti na Ghuba, hapana, hata shilingi.