Seva inatuma ujumbe kwa websoketi, wengine hawapati

Swali
Wakuu, nina seva ya Node.js (JavaScript ya upande wa seva) yenye maktaba ya ws ya websoketi (muunganisho unaobaki wazi kati ya brauza na seva), nyuma ya Nginx (seva ya mbele inayopokea maombi na kuyapitisha). Hali ya oda ikibadilika, taarifa inaingia kwa POST (ombi la HTTP), kisha napitia `wss.clients` (orodha ya soketi zilizounganishwa) na kumtumia kila aliyeunganishwa. Prosesi (nakala ya seva inayokimbia) ikiwa moja, mambo safi. Nikiwasha 4, baadhi ya kurasa zinapata, nyingine kimya. Tena ukurasa ukikaa dakika moja bila ujumbe, brauza inakatika na namba 1006 (imekatika bila kuagana). Tatizo nini?

Jibu 1
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. La kwanza: `wss.clients` inazijua soketi za prosesi yake tu. POST ikiangukia prosesi ya 2, walioko kwenye ya 1, 3 na 4 hawapati kitu. Weka Redis (hifadhidata ya kwenye RAM inayoweza pia kusambaza ujumbe) katikati. Kila prosesi ifanye SUBSCRIBE (ijiandikishe kusikiliza) kwenye chaneli moja. Inayopokea POST ifanye PUBLISH (itangaze kwenye chaneli) basi, isiwatumie wateja wake papo hapo, maana watapata ujumbe mara mbili. Fungua miunganisho miwili ya Redis: kwa itifaki ya RESP2 (lugha ya kuzungumza na Redis), uliokwisha kufanya SUBSCRIBE haukubali PUBLISH.

Jibu 2
Kukatika ni `proxy_read_timeout` ya Nginx (muda inaosubiri data kutoka kwa seva yako), sekunde 60 usipoibadilisha. Usikimbilie kuweka 3600. Simu iliyopoteza mtandao haiagi, soketi yake inabaki wazi upande wa seva bila mtu. Seva ipige `ping()` (ujumbe mdogo wa kuuliza kama upo) kila sekunde 30. Brauza hujibu pong yenyewe, huandiki kodi yoyote huko. Ambaye pong yake haijafika hadi zamu inayofuata, mkate kwa `terminate()`. `close()` itasubiri kuagana na mtu asiyekuwepo.

Jibu 3
Naongezea jambo ambalo wengi hulisahau: Pub/Sub ya Redis (hiyo PUBLISH na SUBSCRIBE) haihifadhi ujumbe. Aliyekatika kwa sekunde 5 amekosa kilichopita. Andika kila ujumbe pia kwa XADD (amri ya Redis inayouongeza kwenye orodha inayohifadhiwa, kila mmoja na ID yake), ukiweka `MAXLEN ~ 1000` (ibaki na takriban 1000 za mwisho). Mteja akirudi alete ID ya mwisho aliyoipata, umsomee yaliyofuata kwa XRANGE. Muunganishe na chaneli kwanza ndipo usome ya nyuma, kisha brauza itupe ID zinazojirudia. Ukigeuza mpangilio, ujumbe unapotelea katikati.

Na kabla ya `send()` tazama `bufferedAmount` (baiti zinazosubiri kutumwa kwa mteja). Mwenye mtandao mzito anarundika ujumbe kwenye RAM ya seva yako. Ikipita MB 1 mkate, arudi achukue kwa ID.