Karafuu na kiharusi: kinga au biashara?

Mleta mada, Wete
Assalaam alaykum. Jirani yangu ni mwezi wa tatu huu kaacha vidonge vya presha. Kila asubuhi anakunywa maji ya karafuu, na ukimuuliza anakujibu kuwa karafuu imejaa antioksidanti (vile viini vya kwenye vyakula vinavyozuia kemikali zinazoharibu chembe za mwili), mshipa hauzibi. Sisi karafuu tunaianika uwanjani, tumelelewa nayo, hatuna haja ya kuisingizia makubwa. Chakula chenye antioksidanti kinazuia kiharusi? Mimi nasema si kwa namna hiyo. Nipingeni.

Muuza viungo, Darajani
Nakupinga. Wamarekani wenyewe walipima antioksidanti za vyakula wakaviweka kwenye jedwali, karafuu ikatoka juu kabisa. Na Uswidi wanawake zaidi ya 31,000 wasio na maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa miaka: waliokula antioksidanti nyingi, hatari ya kiharusi ilikuwa pungufu kwa asilimia 17. Na hilo uzushi?

Mleta mada
Uzushi si, ila umelishika upande mmoja. Rotterdam, Uholanzi, watu 5,000 na ushei wa miaka 55 kwenda juu walifuatiliwa karibu miaka 14. Matokeo yalitoka 2013: aliyekula antioksidanti nyingi na aliyekula chache, hatari ya kiharusi ilikuwa ile ile. Tazama zilikotoka. Uswidi, kiasi cha nusu zilitoka kwenye matunda na mboga. Rotterdam, tofauti baina ya mtu na mtu karibu yote ilikuwa kahawa na chai. Basi pengine kinachokinga ni embe na mchicha wenyewe, na potasiamu yake na nyuzinyuzi zake. Au ni kwamba mla mboga aghalabu havuti sigara. Sifa utampa nani?

Kile kipimo cha karafuu kilifanywa maabara, ndani ya chupa. Mshipa wa mtu haukuguswa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ililiondoa jedwali lile 2012, ikisema wafanyabiashara wanalitumia vibaya. (Samahani, bwana, sikukusudia wewe.)

Muuza viungo
Umenikusudia.

Muuguzi, Chake Chake
Hata hizo antioksidanti za vidonge zimeshajaribiwa. Ufini, kwenye utafiti wa wanaume 29,000 wavuta sigara uliotangazwa 1994, waliopewa vitamini E walikufa zaidi kwa kiharusi cha mshipa kupasuka. Marekani, madaktari wanaume zaidi ya 14,000 walipewa vitamini E na C kwa miaka; 2008 ikaonekana kiharusi hakikupungua.

Huyo jirani kinachonitisha si karafuu, ni vidonge alivyoviacha. Presha haiumi, ndiyo maana watu wanajiona wamepona. Wengi ninaowapokea wamepooza upande walikuwa na presha, na wengine hawakuwahi hata kupimwa. Kisha tuje kwenye chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya mkate na ya papa mkavu. Nani hapa anaishia hapo?

Muuza viungo
Haya, mmenielemea. Chai yangu ya karafuu nayo mtaninyima?

Muuguzi
Kunywa, kaka. Unatia sukari vijiko vingapi?

Muuza viungo
Vinne.

Mleta mada
Na presha umepima lini?

Muuza viungo
Nina mteja, nitarudi.