Naomba ushauri: kuiaga familia niliyokaa nayo Guatemala

Wakuu, habari zenu. Namaliza mwezi wa kusoma Kihispania hapa Antigua, Guatemala. Chumba na chakula nimelipia kupitia shule, lakini mama mwenye nyumba amenilea kama mwanawe, hata nikichelewa ananipashia tortilla. Jumamosi naondoka.

Nilimdokeza habari ya kumwachia quetzal (pesa ya huku) kidogo kwenye bahasha, akabadilisha mazungumzo. Sasa nawaza kuwapikia pilau usiku wa mwisho (iliki inalimwa hapahapa nchini kwa wingi, ajabu wenyewe hawaitumii sana) na kumpa kitenge nilichokuja nacho.

Mliowahi kuishi Amerika ya Kati: kuingia jikoni kwa mwenyeji ataona ni heshima au nitamkwaza? Na ile bahasha, niiache chumbani kimyakimya au niachane nayo?